Bibi Bado

Chumba chetu cha upasuaji kina meza, taa kubwa, saa ya ukutani na muuguzi mmoja asiyesogezwa kirahisi. Sisi madaktari tumembandika jina la Bibi Bado. Yeye ndiye anayetukabidhi visu, na ukinyoosha mkono kabla dawa ya kuzuia vijidudu haijaingia mshipani mwa mgonjwa, atakwambia neno moja tu: "Bado."

Miaka miwili nilimchukia, sifichi. Si kwamba mwongozo sikuujua. Hata ukiniamsha usingizini nitakutajia: dawa ndani ya saa moja kabla ya kukata, nywele zisinyolewe kwa wembe, mikono isuguliwe hadi viwikoni. Lakini kujua ni kitu kimoja, na wagonjwa tisa kwenye foleni ni kitu kingine. Mara ngapi nilimwambia, "Mama, tunachelewa!" Naye, macho kwenye saa: "Kidonda kikitunga usaha, mwanangu, utachelewa zaidi."

Mwezi uliopita aliletwa mama yangu mzazi, kidole tumbo kimevimba karibu kupasuka. Ana kisukari, na mtu wa kisukari kidonda chake kikiharibika unaweza kumzika. Nilimpokea mwenyewe na faili lake nikalijaza mbio mbio. Kumpasua sikuruhusiwa. Nilisimama pembeni na barakoa yangu, mimi ninayepasua watu kila siku. Daktari mwenzangu akanyoosha mkono apewe kisu.

"Bado," akasema Bibi Bado.

Nikawaka. "Huyo ni mama yangu! Faili lina alama, dawa ameshapewa!"

"Alama nimeiona, baba. Na kichupa nacho nimekiona."

Kilikuwa juu ya trei, kifuniko hakijaguswa. Mtu alitia alama kwanza, akijiambia dawa ataitoa sasa hivi, kisha akasahau. Nilichungulia lile faili. Mwandiko ulikuwa wangu.

Dawa ikaingia, tukangoja, na Bibi Bado akatazama saa ya ukutani mpaka aliporidhika. Ndipo akatoa kisu. Haraka haraka haina baraka, mama aliniimbia hayo tangu utotoni, na ilikuwa kidogo tu nimuue kwa kutomsikia.

Siku ya kumi nyuzi zilitolewa. Kidonda kilikuwa kikavu, kimefunga, umebaki mstari mwembamba tu. Machozi yalinitoka mbele ya wauguzi wote, na sijali. Nikanyoosha mkono nimguse mama.

"Bado," sauti ikasema nyuma yangu. "Umenawa?"

Mama akacheka mpaka akajishika tumbo. "Nani huyu anayekuamrisha hivi, mwanangu?"

"Ndiye aliyenibakizia wewe, mama," nikasema. "Nisaidie kumshukuru, mimi maneno yameniishia."

Nikaenda kunawa, hadi viwikoni.