Mkono Begani

Tajiri wa karakana ya mbao alikuwa mtu wa kushika watu bega. Hujafungua mdomo, mkono wake laini, usio na kovu hata moja, umeshatua begani, na sauti ya chini inasema, "Shikamoo, mzee wangu." Mzee Mikidadi, fundi wake wa milango, akishaitikia marahaba, alirudi kwenye milango yake bila kuutaja mshahara aliokuwa hajalipwa. Akijikaza akauliza, jibu lilikuwa lile lile: "Jumamosi, mzee wangu, bila kukosa." Mafundi vijana wakamtania, "Babu, leo kashika la kulia au la kushoto?" Jumamosi za miezi mitatu zikapita hivyo, na huko nyumbani kwake mlimani mkewe, Bi Sabra, amelala mgonjwa anangoja nauli ya kushushwa hospitali.

Bi Sabra alipofariki, tajiri aliupanda mlima kwa miguu, suruali matope hadi magotini, akafika kabla ya ndugu wengi. Alileta sanda na gunia la mchele. Alibeba jeneza, akalia kama mtoto. Mbele ya watu wote Mzee Mikidadi akamshika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, mwanangu. Umenisitiri."

Mshahara ule hajaudai mpaka leo. Aliyemletea mkeo sanda utamdai kwa mdomo upi? Ila akiwa anapiga randa, husimama akajipapasa bega, akijuta kwamba hakuuondoa ule mkono Sabra alipokuwa bado anapumua.