Sabuni Kavu ya Sefu Mapande

Enzi zetu, wakati wa Mwingereza, shuleni kwetu Temeke tulikaguliwa mikono kila asubuhi. Mwalimu hakuishia kwenye kucha, alinusa kabisa viganja, kama mtu anayechagua papa sokoni. Huna harufu ya sabuni, fimbo.

Basi Sefu Mapande, na ninamtaja makusudi, ndiye aliyetufundisha sabuni kavu. Kipande kimoja cha sabuni ya mche kilipita mstari mzima, tunasugua viganja bila tone la maji. Mwalimu ananusa, "Vizuri sana!" Tunabanwa na kicheko mpaka machozi.

Saa ya mihogo ndiyo ilikuwa balaa. Mtungi wa maji upo, kata ya kuchotea ipo, lakini thubutu kuishika unawe! Sefu anapiga vigelegele: "Jamani, bibi harusi anaoga!" Kundi zima linaitikia. Mie mama alinizoesha kunawa tangu mdogo, lakini siku tatu tu za vigelegele vile nikaacha. Tukitoka kucheza gololi palipolala mbuzi, mikono ileile kwenye mihogo na pilipili. Na ilikuwa mitamu, sisemi uongo.

Wiki ya mtihani wa kwenda darasa la tano, tumbo likanishika. Kuhara damu. Wenzangu wanaandika, mie niko mkekani, macho yameingia ndani. Mama yake Sefu, ambaye nyumba yake ilitazamana na shule, akaja kunijulia hali. Nikamsikia akimwambia mama: "Pole, mwaya. Wangu mie simuwezi kwa kunawa! Kila saa ya mihogo hunikimbilia nyumbani anawe kwanza, ndipo arudi kwa wenziwe kula."

Kumbe! Ndiyo maana akishapiga vigelegele vyake alikuwa akitoweka na kuchelewa kurudi, nasi tukimwekea vipande vikubwa.

Sefu alifaulu, akaja kuwa karani na tai shingoni. Shule yangu mie iliishia pale mkekani.

Watoto wa siku hizi wana bomba, kata hawaijui, maji yakikatika kidogo tu wananuna. Juzi nilipita shuleni kwao saa ya kula. Msichana mmoja mrefu, mbabe wao, alitangulia kunawa. Wengine wote wakamfuata mbio, wanasukumana, wanarushiana maji. Nikasimama nje ya ua nikiwatazama mpaka kengele ikalia. Nikawaonea wivu, mtu mzima mie.