Anwani Niliyoiacha kwa Kampuni ya Kwanza

Kosa langu la kwanza katika mambo ya intaneti lilikuwa kuhama kampuni kabla ya kujua ni nani aliyekuwa akinikatia laini. Nalitaja mapema kwa sababu najijua: nikichelewa nitaanza kulipamba.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nyumbani kwetu Kwa Vonza, katika chumba kilicho nyuma ya duka la mama. Dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa akahamia ng'ambo. Kabla ya kuondoka alituachia kompyuta kuukuu yenye modemu, akatuandikisha kwa kampuni moja ya Nairobi, akaniambia, "Jifundishe. Barua za posta zitatuchelewesha." Nikajifundisha, kwa kijitabu kilichopoteza jalada. Sikuwa na mtu wa kumuuliza, na hata kama angekuwepo ningeona haya.

Simu yetu ilikuwa ile ya kuzungusha kishikio. Unazungusha, opereta wa Kitui anaitika, unamwomba namba ya Nairobi, anakuunganisha. Nikisikia mlio mwembamba upande wa pili, nilibonyeza kompyuta na kuweka mkono wa simu chini taratibu, kama ninayelaza mtoto mchanga. Modemu ililia, ikakoroma, ikatulia. Hata leo nikiukumbuka mlio ule, hunijia pamoja na harufu ya sabuni ya kipande, mafuta ya taa, na gunia la ndengu lililofunguliwa asubuhi hiyo.

Kisha laini ilikatika. Kila mara. Barua moja ilikuwa imeingia, ya pili ingali njiani, na ghafla kimya.

Alasiri, wateja wakipungua, mama aliingia akijifuta mikono kwa leso.

"Ameandika?"

"Bado, Mwaitu." Ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama.

Dada alikuwa mjamzito, na mwezi wake ulikuwa umefika. Mama hakutaka kitu kingine chochote kutoka kwa ile mashine ila kujua kama mtoto amezaliwa na kama dada yu mzima.

Nililaumu kampuni. Rafiki yangu mmoja, ambaye kwao walikuwa na hoteli kando ya barabara kuu pale Kambu, alikuwa na kampuni nyingine na aliisifu sana. "Yangu haikatiki hata siku moja," aliniambia. "Hiyo yako tupa." Nililinganisha kila kitu nilichoweza: ni ipi inayoitika upesi, ni ipi yenye laini isiyo bize. Jambo moja sikulifikiria. Kule Kambu walijipigia wenyewe moja kwa moja, bila opereta.

Nikahama. Kampuni mpya ikanipa anwani mpya ya barua pepe, kwa kuwa siku hizo anwani ilikuwa mali ya kampuni. Sikumwambia dada. Nilimwandikia barua ya kumjulisha, nikaifuta, nikaiandika tena, nisiitume. Nilitaka kwanza nihakikishe kwamba huku mambo ni sawa kabisa, ili nisije nikahama tena na kuonekana mjinga.

Laini ikakatika vilevile.

Nilizungusha tena, na tena, hadi opereta akachoka. Tulimjua kwa sauti tu. Mama alikuwa akimsalimia kila siku na kumwambia kwamba anangoja mjukuu.

"Kijana wa Mama Duka, huyu unayempigia ni nani? Mbona haongei?"

"Ni kompyuta."

"Kompyuta? Mimi nikisikiliza nasikia shhhh, nikadhani mnakaanga mandazi huko. Nikiona hakuna mtu anaongea, natoa. Kuna watu wa hospitali wanangoja laini."

"Kwa hivyo ni wewe?"

"Si ungesema? Nitaacha. Lakini ukimaliza, zungusha nijue."

Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Kwa hivyo ile kampuni ya kwanza haikuwa na makosa?"

"Haikuwa, Mwaitu."

"Na dada yako anajua umehama?"

Nilikishika tena kishikio cha simu.

"Mtoto wangu, kama ameandika kule?"

Niliomba namba ya zamani. Bahati yetu, mwezi tuliolipia ulikuwa haujaisha na kampuni ilikuwa haijatufunga. Safari hii hakuna aliyekata. Barua tatu zikaingia. Ya kwanza ilisema mtoto amezaliwa, msichana, na wote wawili ni wazima. Ya pili ilisema kwamba huyu, kwa kuwa ndiye msichana wa pili na wa kwanza ana jina la mama mkwe, amepewa jina la mama, kama ilivyo desturi yetu; kwetu anayepewa jina huhesabiwa kuwa ni mwenye jina mwenyewe aliyezaliwa tena. Ya tatu ilikuwa fupi: "Mbona mmenyamaza? Kama Mwaitu amekasirika kwa sababu ya jina, aseme. Bado hatujamwandikisha."

Nilisoma hiyo ya tatu bila kumtazama mama usoni. Alivuta debe tupu, akaketi.

"Andika," akasema. "Mwambie nimefika salama."

Niliandika, nikaanza kuongeza maelezo kuhusu opereta, kampuni mbili, na jinsi nilivyosikitika.

"Unaandika nini kirefu hivyo?"

"Naeleza kosa langu."

"Hilo utaeleza kesho. Leo mwambie nimefika salama, na nimefurahi kuzaliwa. Usirembeshe. Tuma."

Nilifuta yangu yote, nikatuma yake. Kisha nikazungusha kishikio, na opereta akauliza kabla sijasema lolote, "Mama Duka amepata?"

"Amepata. Msichana. Ana jina lake."

"Basi mwambie asije akalilia maziwa dukani," akasema, na mama, aliyemsikia kutoka pale kwenye debe, akacheka hadi leso ikaanguka.

Simu ya kishikio haipo tena, na nyaya zilishaondolewa kwenye nguzo. Nimehama kampuni mara kadhaa tangu wakati ule, na bado nina wasiwasi kila ninapolinganisha. Lakini anwani yangu sasa si ya kampuni yoyote, na nikitaka kubadilisha lolote, namwambia dada kwanza.