Simu ya Nahodha

Jumamosi iliyopita tuliteremka Mtwara, watu saba kutoka Masasi na Newala, kwenda kuvua kwa kujifurahisha kwenye miamba ya matumbawe. Sisi ni watu wa korosho. Mishipi yetu ilikuwa bado na karatasi za dukani.

Upepo ulikuwa mkali, na wingu jeusi lilikuwa limetanda kule kwenye miamba. Nahodha wa boti tuliyokodi, kijana mwenye maneno matamu, akacheka.

"Shikamooni wazee wangu. Hilo wingu la kupita tu. Pandeni."

Tukapanda. Kabla ya kuwasha injini, akatoa simu yake mfukoni akampa mama lishe wa pale ufukweni. "Nishikie, isije ikalowa."

Mwalimu mstaafu wa Newala, mama aliyetuchosha njia nzima kwa maswali, akamkazia macho.

"Mwanangu, si umesema wingu linapita?"

"Linapita, mama."

"Sasa simu italoweshwa na nini?"

Nahodha akajitia kufungua kamba. Mama akakunja gauni, akashuka majini bila kuaga. Tukatazamana, kisha tukamfuata mmoja mmoja, viatu mkononi.

Mvua ilitukuta kibandani kwa mama lishe. Miamba haikuonekana tena, na mawimbi yaliipiga ile boti tupu mpaka ikapinduka. Sidhani kijana alitaka kutuzamisha. Nadhani aliogopa tu kukosa wateja. Hata hivyo, akiwa nasi pale kibandani na kikombe cha chai mkononi, aliapa mbele yetu kwamba angeturudisha salama.

"Wote?" yule mwalimu akamuuliza.

Akainama, akaanza kupuliza chai iliyokwisha kupoa.