Mwenye Épée Anakuita Kwanza

Baba yangu anapenda filme za zamani za Amerika, zile za bazungu benye kuvaa soksi ndefu na kofia ya manyoya ya ndege, benye kuruka dirishani na kushika pazia na kuteremka nalo mpaka chini bila kuumia ata kidogo. Miye zinanichosha. Mutu anapigana juu ya ngazi, anacheka. Anapigana juu ya meza, anacheka. Askari ba mufalme banamuzunguka, bado anacheka, kisha anabusu mukono wa mwanamuke na anatokea tena dirishani. Nyumba ile haina mulango?

Mbaya zaidi, lazima nimusimulie zote. Baba hana macho tena. Presha ya macho ilimumaliza pole pole, na leo hawezi kujua kama nimeweka chai mbele yake mpaka asikie harufu. Tunakaa pamoja Butembo, miye nashona nguo, na kila siku ya Mungu, kisha misa, anavuta kiti karibu na televizyo na anasema: "Anza." Wahenga balisema mwenye macho haambiwi tazama. Aka! Miye naambiwa kila dakika.

"Sasa anafanya nini?"

"Anaruka, papa."

"Anaruka namna gani?"

"Anaruka tu, sawa batu bote benye kuruka!"

"Hapana. Angalia muzuri. Ameshika nini?"

Ameshika kamba ya taa, bien sûr. Katika kila nyumba ya filme hizo kuna taa kubwa juu, na kuna mujinga mumoja mwenye kuifunga na kamba ndefu ili acteur aipate. Acteur, kwa batu ba salle ya video, ile nyumba ya kuonyeshea filme, ni yule mwenye hawezi kufa. Mwingine anaitwa bandit, na kila mutu anajua bandit atafika wapi. Donc, kama tunajua mwisho, kwa nini natumwa kuangalia?

Lakini kazi ya baba ilikuwa hiyo. Huko Beni, tulikokaa zamani, alikuwa commentateur: filme inaongea kiingereza, yeye anakamata mikro na anaigeuza Kiswahili na Kinande hapo hapo, mbele ya batu. Kiingereza chenyewe hakukijua ata neno moja. Alikuwa anaangalia uso wa mutu na mikono yake, na anatunga. Salle ilijaa kwa ajili yake, hapana kwa ajili ya filme.

Kisha mama akauawa shambani, upande wa Mavivi, yeye na majirani. Kwa mupanga, na bauaji ba porini benye kusumbua Beni mpaka leo. Nimesema mara moja, sitarudia. Baba aliacha mikro, tukahamia Butembo, na hapo macho nayo yakaanza kufa. Alikaa kimya namna ya kuogopesha. Miye mwenyewe niliomba mujirani atutilie filme zile za zamani kwenye flash, nikifikiri zitamufariji. Nilijitafutia kazi bila mushahara.

Kitu kimoja hakikuniingia kichwani. Mutu aliyepoteza bibi yake namna ile, anawezaje kufurahi akisikia chuma inagonga chuma? Siku moja nilichoka, nikamuambia wazi: "Papa, batu bamekamata mapanga, na weye unacheka!"

Alinigeukia na hasira. "Hapana kuita ile mupanga! Ndani ya nyumba yangu neno hilo lisiingie. Ile ni épée, chuma chembamba cha bazungu."

"Chuma ni chuma."

"Hapana. Mwenye épée anakuita kwanza. Anakuvulia kofia. Anakuonyesha uso wake, na weye unakamata yako. Yule mwingine anakuja kwa mugongo."

Niliendelea kukasirika, maana ni rahisi mutu kuwa na filozofia akiwa ameketi na mwingine anapoteza sauti kumutajia kila ngazi na kila dirisha.

Ndipo simu ikalia kutoka Beni. Ilikuwa maman aliyerithi ile salle ya kazi ya baba kisha bwana yake kufa. Batu ba kule, alisema, banakumbuka bado sauti ya muzee. Angeweza kuja Jumamosi moja, siku ya posho, mchana, kama zamani? Nilitaka kusema hapana. Baba alikuwa amesimama tayari, anatafuta koti yake kwa mikono.

"Utakuwa macho yangu," aliniambia. "Utaniambia kwa sikio, miye nitawaambia batu."

"Na ukishindwa mbele yao?"

"Nikishindwa, nitajua sauti yangu ilizikwa na mama yako. Sitakusumbua tena." Alisema vile, bila kujihurumia, na niliogopa, maana namujua. Akisema basi, ni basi.

Tukafika Beni posho ile mbele ya saa nane. Groupe ya umeme ilikuwa inanguruma inje, mabenchi yalikuwa yamepangwa, na batu hakuna. Maman wa salle akaleta megafoni ili aite batu kwa barabara. Baba akasikia harufu ya vumbi na mafuta ya groupe, akatabasamu kama bwana harusi. "Nipe," akasema. "Miye njo nilikuwa naita."

Kabla ya haya mabaya yote, salle ziliita kila filme kwa kazi yake: filme ya karate, filme ya mapenzi, filme ya mapanga. Njo majina ya kazi, na kinywa cha baba kiliyazoea kuliko jina lake mwenyewe. Akasimama kwa mulango, akavuta pumzi, na akaita kwa nguvu zote katika barabara ya Beni:

"Mapanga! Mapanga! Mapanga yamefika!"

Eh, Nyamuhanga, Mungu wetu! Maman muuza tomati aliacha beseni yake pale pale. Mupiga moto akageuza pikipiki yake na mushteri wake akiwa bado anashuka. Milango ya vyuma ilifungwa, pa, pa, pa, na batu bakamwagika mbio upande wa parokia, batoto kwa mugongo.

Baba akasikia miguu mingi, uso wake ukang'aa. "Unasikia? Banakuja!"

"Papa, banakimbia!"

Megafoni ikashuka. Nilimupigia kelele, sitaficha. Weye mwenye kunikataza neno lile ndani ya nyumba, weye! Tena hapa, Beni, kati ya miji yote! Maman wa salle alikuwa anavuta megafoni, analia kwamba batachoma salle yake. Baba hakuitoa. Akaiinua tena, akaongea kwanza Kinande, kisha Kiswahili.

"Batoto bangu, munisamehe. Miye ni muzee, sioni, na akili yangu ilinitoka. Hapana mutu anakuja. Ni filme tu. Ni filme ya bazungu benye kupigana na... na masindano marefu."

Nyuma ya mulango mumoja wa chuma mutu akacheka. "Masindano!" Mulango ukafunguka, na mwingine. Batu bakarudi, na bakaingia salle, bengi bao ili bamutukane muzee karibu. "Muzee, kichwa iko muzima?" "Ulitaka kutuua na presha?" Baba aliomba musamaha kwa kila mumoja, kofia mukononi, na kisha kumutukana bakaona mabenchi, bakakaa.

Filme ikaanza. Miye kwa sikio lake, yeye kwa mikro. Nilimuambia: bandit ana ndevu, anakunja uso, anataka nyumba ya mwanamuke. Baba akamupa bandit yule Kinande cha muuza viazi wa Alimbongo mwenye hapana kushusha bei, na salle ikavunjika kwa kicheko. Nilimuangalia. Alikuwa amekaa wima, shingo imenyooka, na kwa mara ya kwanza kazi ile haikunichosha.

Bakafika kupigana. Juu ya ngazi, ndiyo, kama siku zote. Nikamuambia haraka haraka: "Bandit ameangusha épée yake. Hana kitu. Yuko kwa ukuta."

Butembo, hapo, batoto bangekuwa banapiga kelele: umumalize! Salle ya Beni haikusema neno.

"Sasa?" baba akauliza.

"Acteur anaiokota. Anamurudishia." Nilishindwa kujizuia. "Ni upumbafu, papa. Amurudishie ya nini?"

Baba akasema kwa mikro: "Anamurudishia. Anamuambia: kamata, tusimame sawa."

Benchi ya mbele kulikuwa mama mumoja wa kitambaa cheusi. Hakupandisha sauti. Alisema kama mutu anayejisemea: "Betu balikosa ata fimbo."

Baba akabaki na mikro mbele ya mudomo, na mudomo haukufunguka. Filme iliendelea peke yake na kiingereza chake. Maman wa salle alikuwa amesimama tayari ili aizime. Baba akanigusa goti.

"Sasa anafanya nini?"

Nilitaka kumuambia. Nilimuwaza mama yangu, na macho yalijaa machozi, sikuona ngazi wala batu.

"Sema," baba akasema.

"Siwezi, papa. Siwezi."

Mikro ikaanza kushuka. Nikajua inashuka kwa siku zote.

Yule mama wa kitambaa cheusi akavuta benchi mpaka karibu na magoti ya baba. "Muzee," akasema, "bandit amekamata yake. Acteur anamungojea."

"Anamungojea bado," mwanaume mumoja akasema nyuma.

Baba akageuza uso upande wa sauti ya yule mama. Akapandisha mikro. "Anamungojea," akasema, na sauti ikakatika, akairudia.

"Sasa banaanza, muzee," yule mama akasema.

"Sasa banaanza," baba akasema, na akaendelea mpaka mwisho, bila miye.