Salamu ya Kigusii Huko Tanga

Fundi wa pikipiki wa Kebirigo hupapasa tangi kabla ya kuwasha injini, kama mtu anayemtuliza ng'ombe asipige teke wakati wa kukamuliwa. Nereah, au Mama Pam kwa majirani, anayeuza dagaa wa omena mkabala na gereji, ameuzoea mkono huo uliokolea oili, na ile sauti ya chini inayomlazimu mteja kusogea karibu. Mwaka huu fundi alifunga gereji akaenda Tanzania kwa pikipiki, peke yake, akipita viwanja vya vita na makaburi ya wanajeshi toka Moshi hadi Tanga. Alikuwa akimtafuta kaka wa nyanya yake, aliyechukuliwa na Waingereza kuwabebea mizigo katika vita vya Mjerumani, asirudi. Nyanya alizeeka akimwekea chakula.

Fundi aliporudi, vumbi lingali kwenye nyusi, Nereah alimpelekea chai. "Fundi, ulimpata?"

"Jina lake sikuliona popote, Mama Pam. Wapagazi wengi hawakuandikwa." Alizungusha kikombe bila kunywa. "Basi pale Tanga nikasimama katikati ya makaburi, nikasema kwa nguvu, 'Bwairire!' Kama yuko pale, ni miaka mia hajasalimiwa kwa Ekegusii."

"Halafu?"

"Mlinzi akasema wanafunga. Kusalimu nilijua, lakini kuaga kulinishinda. Nikaisukuma pikipiki mpaka barabarani ndipo nikaiwasha, vile unatoka nyumbani na mtoto amelala."