Mwayo wa Deolinda

Pale Parchal, mji mdogo wa pwani kusini mwa Ureno, ukiumwa kichwa bila sababu hukimbilii duka la dawa. Unakwenda kwa Deolinda, mjane aliyemaliza ujana wake kwenye kiwanda cha makopo kando ya mto, akikata samaki vichwa. Kazi ya kuondoa jicho la husuda aliirithi kwa mama yake. Anatia maji kwenye sahani, anadondosha mafuta ya zeituni, anakuchora msalaba kwenye paji la uso huku akinong'ona dua zake. Kama umepigwa jicho, mafuta yanatawanyika, naye anapiga miayo mpaka machozi yanamlenga. Kama hujapigwa, tone linakaa zima, na hakufichi: "Huna jicho wewe. Nenda hospitali." Ndiyo sababu watu walimwamini. Padri alimnunia miaka na miaka, kisha naye akaja, kwa mlango wa nyuma.

Mjukuu wake, Iria, alikuwa beki wa kati. Mama wa binti huyo alikwenda kufanya kazi Uswisi, akamwacha kwa bibi. Kila mwaka baridi ikianza kulegea, nchi za mbali hualikwa huku Algarve kwa mashindano ya soka ya wanawake, na viwanja vidogo vya pwani hujaa wasichana warefu kama milingoti. Kwa kuwa timu hualikwa tu na hakuna cha kufuzu, makocha huitumia nafasi hiyo kujaribu sura mpya. Mwaka huo Iria alikuwa mmoja wa hizo sura mpya, binti wa kwanza wa Parchal kuvaa jezi ya taifa. Na mechi ya pili ilipangwa papo hapo Parchal, kwenye uwanja alikoanza kucheza akiwa na kandambili.

Mechi ya kwanza, aligongana kichwa na mshambuliaji wa Norwe. Mlio wa vichwa ulifika jukwaani. Iria aliinuka akicheka. Baeta, daktari wa timu, alimchunguza macho na kumuuliza maswali, binti akajibu yote sawasawa, akaruhusiwa kuendelea.

Kesho yake ilikuwa siku ya mapumziko, akapewa ruhusa kwenda kula kwa bibi yake.

"Bibi, funga dirisha. Hilo jua linanichoma macho."

Nje mawingu yalikuwa yametanda tangu alfajiri. Deolinda alifunga dirisha. Akampakulia uji mzito wa mahindi wenye chaza, chakula ambacho binti huyu hakuwahi kukibakiza. Iria alionja vijiko viwili, akatoka mbio. Bibi alimkuta uani ameushika mchungwa, anatapika.

"Toka lini hii?"

"Toka jana usiku. Ni jicho, Bibi. Jirani yako Zulmira kanisifu mtaa mzima, mara miguu, mara kimo, hata 'Mungu ambariki' hakusema! Yule mwanamke na mdomo wake!"

"Daktari umemwambia?"

"Nimwambie anitoe? Bibi, nikikosa ya kesho hawaniiti tena. Wenzangu wanangoja nipate hata mafua. Nitoe jicho, niende zangu."

Deolinda akaleta sahani. Tone lilidondoka, likatulia katikati ya maji, duara na zima. Akasoma dua. Akarudia. Alingoja mwayo umjie kama ulivyomjia maisha yake yote, na haukuja. Iria alikuwa amefumba macho, mikono imelala mapajani kama ya mtoto anayesubiri kuvishwa viatu.

"Lipo?" akauliza.

Na huyu bibi ambaye hakuwahi kudanganya mbele ya sahani yake, si kwa tajiri wala kwa padri, alipanua kinywa akajilazimisha mwayo mrefu.

"Lipo, tena baya. Lakini limetoka." Akayamwaga maji kabla mjukuu hajafumbua macho.

Usiniambie wewe ungefanya vingine. Mtoto uliyemlea anakuomba kitu kimoja tu, na hicho kimoja unacho mdomoni. Lakini kosa ni kosa. Alitaka kumpa utulivu, akampa ruhusa.

Siku ya mechi Parchal nzima ilihamia uwanjani. Zulmira alijibana kando ya Deolinda na mfuko wake wa njugu.

"Leo umejipamba, shoga! Umekuja kutazama mpira au kutafuta mchumba?"

"Nyamaza, Zulmira."

Kila mpira wa juu ulipokwenda kwa Iria, Deolinda alifumba macho, akafumbua aliposikia makofi. Kipindi cha kwanza kikapita salama, akaanza kujidanganya kwamba labda tone lile ndilo lililokosea.

Kipindi cha pili timu zikabadilishana pande za uwanja. Iria alikimbia akasimama kule kule alikokuwa mwanzo, katikati ya wapinzani, akiwapanga kwa ishara za mikono kana kwamba ni wenzake. Nahodha akaja kumvuta mkono.

"Kasahau goli lake!" Zulmira aliangua kicheko, na jukwaa zima pamoja naye. "Mapenzi hayo!"

Deolinda alikuwa ameshaanza kushuka ngazi. Getini mlinzi akamzuia.

"Shangazi Deolinda, huku hakuingiwi."

"Mkeo nilimtoa jicho mimi. Nipishe!"

Akapita. Nyuma yake kona ilipigwa, Iria akaruka akautoa mpira kwa kichwa, na mji ukalipuka kwa shangwe. Deolinda alimshika Baeta begani.

"Daktari, mtoe mjukuu wangu. Anatapika toka juzi. Mwanga unamuumiza. Nilimwambia ni jicho, na halikuwa jicho. Nilimdanganya."

Baeta hakuuliza jicho gani. Aliruka kutoka kwenye benchi akimpungia refa, na mpira ulipotoka nje, mchezo ukasimama.

Iria alitoka kwa miguu yake mwenyewe. Deolinda alimngoja na majibu yake tayari: nichukie, usinisemeshe mpaka nife, lakini uishi. Binti akaketi kando yake, jasho linamtiririka, nyasi zimemganda magotini. Akamshika bibi mkono, akatabasamu kwa upole kabisa.

"Mbona umewahi hivi, Bibi? Mechi inaanza saa ngapi?"